Dansi: Neno Lililoingia Limevaa Viatu

Dansi ni neno la Kiingereza lililoongezwa irabu mwishoni likawa la Kiswahili. Waingereza wenyewe hawakulibuni. Walilichukua kwa Wafaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, ingawa walikwisha kuwa na maneno yao ya kurukaruka. Kwa hiyo anayesema "twende dansi" pale Ngamiani, Tanga, amevaa nguo ya kuazima iliyokwisha kuazimwa.

Mwambao haukuwa na njaa ya neno hilo. Kitenzi cheza kilikuwepo, tena kikifanya kazi za watu wanne. Mtoto hucheza, bao huchezwa, jino bovu hucheza, usukani wa gari kuukuu hucheza, na jicho likicheza mwenye nalo huanza kujiuliza nani yuko njiani. Mwali ndiye wa ajabu zaidi: yeye hachezi, bali huchezwa. Ngoma inapigwa kwa ajili yake, akina somo wanatoka jasho, mwenyewe ametulia kainamisha uso. Katika hali hiyo, mtu akialika wenzake kwa kusema tu "jioni njooni tucheze", asishangae mmoja akija na jezi, wa pili na karata, na wa tatu kajifunga kibwebwe.

Kabla ya dansi lilitangulia neno jingine la ukoo huohuo, beni, ambalo nalo ni Kiingereza kilichobanduka herufi ya mwisho. Ngoma hiyo ya kuiga gwaride la askari ilianzia Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikashuka na pwani hadi Tanga na kwingineko. Ilikuwa na matarumbeta, sare na vyeo vya kingi na jenerali kwa watu ambao asubuhi yake walikuwa wachukuzi. Kundi la Skochi la Mombasa lilivaa sketi za Waskoti, na wanaume wake wakatembea nazo barabarani bila wasiwasi. Baadaye neno lilelile likarudi kwa mlango wa pili na kuitwa bendi. Kiswahili kikalipokea tena kama mgeni mpya, wala hakuna aliyedai chenji.

Dansi yenyewe ilishamiri baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na santuri, magitaa na vilabu vya mjini. Dar es Salaam Jazz Band, kwa mfano, iliundwa mwaka 1932. Ngoma ilitaka uwanja wa mchanga na miguu mitupu. Dansi ilitaka ukumbi, sakafu ya saruji, watu wawili walioshikana, na viatu.

Viatu ndivyo vilivyoleta balaa. Kijana aliyezoea mdumange wa Usambara anaingia ukumbini na viatu vya binamu yake, pungufu namba moja. Anatoa mguu wa kushoto mbele. Dada aliyemshika, badala ya kurudi nyuma, naye anakuja mbele. "Samahani." "Si kitu." Wimbo wa tatu soli imeachama kama changu mnadani. Kijana haoni njia ila kuuburuta mguu huo kwa madaha, na kabla gitaa halijanyamaza, wawili watatu pembeni wanaburuta vilevile, wakidhani ni mtindo mpya.

Nao wacheza dansi wa mjini hawakuikosa mitindo. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambayo mwanzo iliitwa Young Nyamwezi. Majina yanasema jazi, masikio yanasikia rumba ya Cuba na Kongo. Jamhuri Jazz ndiko walikopitia ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, wakaenda Arusha, kisha mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika huko Mombasa.

Kwa safari yote hiyo, dansi ilikuja bila kitenzi chake. Ikabidi ipewe cheza, ambacho tayari kilikuwa hoi kwa kazi. Wapenzi wa muziki wakakionea huruma, wakaleta kuserebuka, kuyarudi na kulisakata. Hili la mwisho halikubaki ukumbini tu. Mashabiki wa soka walilichukua, wakawa wanasakata kabumbu. Ndiyo maana anayeonekana Jumatatu asubuhi akichechemea kuelekea stendi na kusema kwamba jana alisakata mpaka basi, huulizwa kwanza ni lipi, rumba au kabumbu, kabla ya kupewa pole.