Sifa za Safari Isiyo na Nauli

Ndoto ya mchana haina wakili. Mwalimu huigongea meza darasani, mwajiri huikata mshahara, na wazee wakimwona kijana amekodoa macho dirishani humtajia Alinacha wa Alfu Lela Ulela, aliyeota utajiri mpaka akalipiga teke kapu lake la vyombo vya kioo. Naomba nafasi ya kuitetea, na ushahidi wangu ni wa mwaka 2020, pale ndoto moja ilipoenea Nairobi nzima: korona ikiisha, tunakwenda pwani. Nashikilia kwamba nchi hii haijapata msafiri mwadilifu kuliko yule wa kochini, na hadi leo hajapewa hata nishani.

Tuanze na utiifu wake. Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili saa moja jioni, na siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Treni za abiria zilisimama, mabasi yakalazwa, na kafyu ilikuwa imeshaanza tangu mwishoni mwa Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Watu wazima wenye akili timamu walitafuta njia za panya. Wapo waliotoka Nairobi na jeneza tupu, wakajifanya wanakwenda kuzika, wakanaswa huko Homa Bay. Muotaji hakuhitaji jeneza. Alivipita vizuizi vyote hadi Lamu bila kumsumbua askari wala kumtilia mtu chochote mfukoni, hakumkoholea abiria mwenzake, na akawa amerudi kabla maji ya ugali hayajachemka. Serikali ilisema tukae nyumbani, naye alikaa kweli.

Isitoshe, safari yake ilikuwa bora kuliko tuliyonyimwa. Aprili hadi Juni ni masika pwani, na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kupita yote Mombasa. Kusi huvuma, bahari huchafuka, na mwani hurundikana kwenye mchanga wa Diani ukanuka. Muotaji hakuyaona hayo, kwa kuwa ndotoni ni kaskazi mwaka mzima: maji yametulia, jua ni la Januari, na dafu limeshakatwa kichwa. Wala hakulipa ile shilingi 1,000 ya daraja la kawaida la treni, hakupanga begi lake chini pale kituoni Syokimau likanuswe na mbwa, na hakubanwa mbavu kwenye feri ya Likoni. Asiyekubali kwamba huku ni kusafiri kwa raha anataka kutuambia kwamba raha ya safari ni foleni.

Watakuja wenye hoja ya Alinacha waseme kwamba ndoto ni uvivu, na uvivu huvunja vyombo. Wasome kesi upya: kioo kilivunjwa na mguu, na ndoto haikugusa kitu. Laiti Alinacha angetulia alipokuwa, angeota mpaka magharibi na kapu lake lingekuwa zima. Wengine watadai kwamba ndoto ni uongo mtupu, na hao wana haki kidogo. Mwezi Mei Mji wa Kale wa Mombasa nao ulifungiwa, watu hawaingii wala hawatoki. Lakini ndotoni muuza kahawa bado alikuwa akigonganisha vikombe vyake barazani, akimimina kahawa chungu kwa kila mpita njia. Najibu kwamba uongo huo haukumdhuru aliyeuota. Mtu aliyefungiwa katika chumba kimoja na watoto watatu hadai ramani sahihi, anadai dirisha.

Ipo hoja moja, hata hivyo, inayomlazimisha wakili kukaa chini. Ndoto hailipi. Miezi yote ile muotaji alipanda mashua bila kumpa nahodha senti, alikula mahamri na mbaazi bila kumlipa mama aliyeamka alfajiri kuukanda unga, na alilala kwenye shuka nyeupe za hoteli ambazo wafuaji wake walikuwa wamerudishwa makwao bila mshahara. Alijistarehesha kwa mali ya watu waliokuwa wakihesabu vibaba vya unga. Kwa kosa hili sina utetezi. Ninachoomba ni kwamba ihesabiwe kuwa amekopa, asiitwe mwizi, maana mkopaji anaweza kulipa. Na njia ya kulipa ipo: barabara zilifunguliwa tarehe 7 Julai saa kumi alfajiri, na treni ya abiria ikarudi tarehe 13 mwezi huohuo.

Basi wewe uliyeizunguka pwani yote miezi mitatu bila kutoa hata nauli ya matatu, deni lako bado liko palepale. Nenda ukalilipe, hata kama ni wakati wa kusi, na ukifika kwa muuza madafu usimshushe bei.