Maktaba Isiyo na Wasomaji, Kihonda

Ukisikia programu ni ya bure, kwanza shika bando lako.

DSpace ni ya bure. Ilitolewa mwaka 2002 na maktaba za chuo cha MIT kule Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, na ndiyo inayotunza tasnifu za Chuo Kikuu cha Sokoine hapa hapa Morogoro, za mpunga, za mifugo, za udongo wa Uluguru. Mimi nilitaka kuiweka kwenye kompyuta yangu Kihonda, niivuruge nitakavyo bila kugusa ya wakubwa.

Tangu toleo la 7 la mwaka 2021, programu hii inaishi kama mume na mke waliotengana vyumba. Nyuma anakaa Java, poti 8080. Mbele anakaa Angular, poti 4000. Hawasemeshani mpaka kila mmoja aandikiwe anwani ya mwenzake. PostgreSQL anashika kumbukumbu, Solr anatafuta vilivyopotea, na huyo asipoamka hakuna anayekula.

Halafu kuna Maven. Kazi yake ni kukusanya vifurushi vya Java kutoka intaneti, na hana haya hata kidogo. Bando likaisha yeye bado anashusha. Nikanunua lingine. Mawingu yakateremka kutoka mlima Lupanga, mvua ikapiga bati, umeme ukaenda zake. Nashukuru kwamba Maven hatupi alichokwisha kushusha. Betri ya kompyuta yangu, kwa upande wake, ni pambo. Jirani fundi simu akasema nitumie Docker, kila kitu kinakuja kimefungashwa. Kweli kinakuja kimefungashwa, kwa magigabaiti.

Wakati huo mama mwenye nyumba ameshatangaza mtaani kwamba mpangaji wake anafungua maktaba. Jioni akaniletea mwanafunzi wa kidato cha nne.

"Mwanangu, huyu ana mtihani. Muoneshe vitabu."

"Shikamoo, mama. Vitabu bado."

"Marahaba. Sasa hiyo maktaba gani?"

Kijana, mwenye adabu zake, akanakili anwani kutoka kwenye kioo changu: localhost, nukta mbili, 4000. Simu ikagoma. Nikamweleza kwamba anwani hiyo ni ya mashine ileile inayoiandika, kwa hiyo simu yake ilikuwa inajitafuta yenyewe. Aliniangalia kwa huruma, kisha akamwambia mama waende tu.

Ukurasa ulipokubali kufunguka, nilitafuta waraka wa kujaribia. PDF iliyokuwa karibu ni mkataba wangu wa pango. Nikaupakia, nikaujazia mwandishi, mwaka na maneno ya msingi, nao ukapewa utambulisho unaoanza na 123456789, tarakimu ambazo DSpace humpa kila ambaye hajasajili zake. Solr akaupata mara moja.

Anayeuhitaji kwa utafiti itabidi afike Kihonda mwenyewe, maana mtandaoni haumo.