Namna ya Kumtembeza Mgeni Kibera Bila Kuijua

Hongera! Kofia unayo, kitambulisho umejichapishia mwenyewe. Tayari wewe ni mtembeza watalii wa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Yaliyobaki ni haya.

1. Anza na idadi. Sema, "Watu milioni moja," kisha inamisha kichwa. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070, lakini nani amewahi kutoa bakshishi kwa ajili ya sensa?

2. Historia ipitie mbio. Palikuwa msitu, Waingereza wakawapa makao askari Wanubi wa King's African Rifles, basi. Mkimkuta mzee barazani Makina, ongeza mwendo. Huyo atamweleza mgeni habari za ekari 4,197 zilizotengwa mwaka 1918, na hatimiliki ya ekari 288 ambayo Wanubi walikabidhiwa mwaka 2017. Mgeni atapiga hesabu, aulize zilizobaki ziko wapi, na wewe huna jibu.

3. Msimamishe relini, mabati yenye kutu nyuma yake, umpige picha. Mnong'oneze kwamba hata wewe umo kwenye The Constant Gardener, filamu ya 2005 iliyopigwa kwa sehemu hapa. Hatauliza ulikuwa na miaka mingapi. Honi ikilia, shukeni upesi.

4. Bwawa la Nairobi lionyeshe kwa mbali. Lilijengwa mwaka 1953, watu wakawa wanaendesha mashua za tanga humo wikendi. Leo limefunikwa na magugumaji. Wewe sema ni hifadhi ya mimea.

5. Ukipotea kati ya vijiji vya Lindi na Mashimoni, usikiri. Muulize kijana anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, harakaharaka: "Buda, hii njia inatokea wapi?" Akishaelekeza, mgeukie mgeni: "Anasema karibu sana."

6. Malizia Soko la Toi, kwenye mitumba. Elewana na mwenye kibanda mapema; akikukonyeza, jua bei imepanda maradufu na chako kimo. Mgeni akinunua sweta aliyoitoa sadaka kwao, msifu kwa jicho lake zuri.

7. Pokea M-Pesa yako kabla hajaomba kurudi kwa yule mzee wa Makina. Mzee anaijua Kibera kuliko wewe, wala hatozi kitu. Mgeni akivuta kigoda na kuketi, kazi yako imekwisha. Keti nawe, usikilize.