Kilo Kumi na Nne, Bila Samaki

Kila tarehe 1 Desemba Ziwa Mweru hufungwa, na hadi mwisho wa Februari hakuna anayeruhusiwa kutega wavu upande wetu wa Zambia. Samaki wazaliane kwa amani. Ni sheria nzuri, ila haikufikiria kitu kimoja: karani wa samaki asiye na samaki wa kuhesabu ni mtu wa hatari. Wenzangu msimu huo hushika majembe wakaenda kwenye mihogo. Mimi hushikwa na maendeleo. Msimu mmoja ilikuwa mashine ya barafu, mwingine ufugaji wa bata, na huu wa karibuni ilikuwa baiskeli ya umeme, nyepesi, ya kukunja.

Nijitetee kidogo. Nalala Kafutuma, riziki yangu iko sokoni Kashikishi, na kazi hunipeleka leo Kisiwa cha Kilwa kwa boti, kesho Mansa kwa basi, zaidi ya kilomita mia mbili, na nikikosa bahati hadi Nakonde, kwa Watanzania wenzangu wanaonidai. Baiskeli ya kawaida inanifaa kwa kwenda kazini tu. Kwenye boti inalipiwa nauli ya mtu mzima. Kwenye basi inafungwa juu ya paa, na ikishuka Mansa imekwisha badili umbo. Kwa hiyo nilitaka chombo cha kuingia chini ya kiti, ninachoweza kukibeba kwa mkono mmoja, na chenye mota ya kunirudisha nyumbani jioni baada ya kutwa nzima ya kubishana juu ya uzito wa magunia ya watu.

Nikaanza kusoma. Baiskeli ya kukunja iliyovuma kuliko zote ilibuniwa katikati ya miaka ya 1970 na Mwingereza Andrew Ritchie, chumbani kwake London. Dirishani aliliona kanisa la Brompton Oratory, naye hakuhangaika kutafuta jina jingine. Mota waliitia miaka arobaini hivi baadaye. Ukiitazama Brompton unamwona na mteja wake: bwana mwenye suti anashuka treni, anakanyaga lami mwendo mfupi, anafika ofisini, anaikunja na kuisukumia chini ya meza. Nikajipima na bwana huyo. Suti ninayo ya mazishi. Treni ya karibu ni TAZARA, nayo haiji kwetu, inapita Kasama. Meza yangu ya ofisi ni magunia mawili ya chisense, dagaa wetu, yaliyolazwa, na chini yake hapaingii hata kalamu.

Hata hivyo niliendelea, maana tarakimu zilikuwa tamu. Nyepesi za umeme zina kilo 12 hadi 17, na wengine hutangaza uzito bila betri, ujanja ambao sisi wa samaki tunaujua tangu zamani: nasi tuna watu wanaopima gunia kabla ya kulitia maji. Ukitaka wepesi zaidi unapunguza betri, na ukipunguza betri unapunguza safari. Nikachagua ya kilo 14, magurudumu ya inchi 20, mota ya wati 250, betri ya kuchomoka. Mtengenezaji aliahidi kilomita 50 kwa chaji moja. Katika ahadi kama hizo mwendeshaji huwa mwembamba, njia huwa tambarare, na upepo humpuliza kwa nyuma.

Kabla ya kulipa niliona vyema kushauriana na wataalamu. Wa kwanza alikuwa fundi wetu wa baiskeli, mtu wa ng'ambo ya ziwa, Pweto, Congo, ambaye kwake baiskeli ni kinga, na hajaona sababu ya kuiita vinginevyo tangu avuke ziwa. Nilimwonyesha picha kwenye simu.

"Inabeba kilo ngapi?"

"Ina kilo kumi na nne."

"Sikuuliza kilo zake, bwana karani. Nimeuliza inabeba ngapi."

Nikatafuta kwenye maelezo. Mia moja, pamoja na mwendeshaji.

Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akapiga hesabu kimoyomoyo. "Wewe, themanini na kitu. Basi inakubeba wewe na kuku." Akaurudisha uso wake kwenye spoku aliyokuwa akiinyoosha. "Kinga hii ni ya kubeba ao ya kubebwa?"

Mbele yake ilikuwa imeegeshwa Buffalo, zile baiskeli za chuma zinazoletwa na World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005. Haina gia. Breki unaikanyaga kinyumenyume. Kibebeo chake cha nyuma pekee kimetengenezwa kwa kilo mia. Yenyewe ina kilo ishirini na kitu, lakini hapa Kafutuma hakuna anayejua hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulazimika kuiinua.

Mtaalamu wa pili alikuwa mama watoto, na swali lake lilikuwa moja: "Mimi nitakaa wapi?" Nikamweleza kwamba uzuri wake ni kuwa ikikunjwa inakuwa ndogo. Akauliza, na isipokunjwa? Nikasema, basi nayo si kubwa sana. "Kwa hiyo ni ndogo tu," akasema, akaendelea kuchambua mboga yake ya kalembula, na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba familia imeafiki.

Bashikulu, mzee wa upande wa ukweni, alishikwa na bawaba. Aliikuza picha kwa vidole viwili, jambo ambalo wajukuu wamemfundisha na sasa analifanya hata kwenye kalenda ya ukutani, akaelekeza pale fremu inapogawanyika. "Hapa imevunjika."

"Hapana, Bashikulu. Ndipo inapokunjwa."

"Mukwai, mimi nimeona baiskeli nyingi zilizokunjwa. Zote ziligongwa na lori. Waambie wakuletee nzima."

Niliagiza. Binamu yangu yuko Muscat, anauza duka la mtu kule Ruwi, na alipata niliyoitaka. Akapata na msamaria wa Ndola aliyekuwa akirudi nyumbani kwa ndege kupitia Lusaka, asiye na mizigo mingi. Baiskeli ikapimwa uwanjani: kilo zilikuwa zilezile nilizosoma, nikafurahi kwa simu. Kisha likaja suala la betri.

Betri huhesabiwa kwa wati-saa. Chukua volti 36, zidisha kwa ampea-saa 7, unapata 252. Kanuni za usafiri wa anga zinasema hadi 100 unapanda nayo mkononi. Kuanzia 100 hadi 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege. Ukizidi 160 hupandi nayo ndege ya abiria kabisa, si mkononi wala kwenye mizigo, maana betri ya lithiamu ikishika moto angani hakuna pa kuegesha. Hakika ni kanuni ya busara. Lakini fikiria: baiskeli inayouzwa kwa wasafiri ina kiungo kimoja kisichoruhusiwa kusafiri, na kiungo chenyewe ndicho kilicholipiwa hela nyingi. Baiskeli ikaruka. Betri ikabaki mkononi mwa binamu, akarudi nayo kwenye teksi. Baadaye ilipata nafasi melini hadi Dar es Salaam, ikiwa imeandikishwa kwenye kundi la 9 la mizigo ya hatari. Nyumbani kwetu hakijawahi kuingia kitu chenye cheo hicho.

Nilikwenda Lusaka kuipokea ile nusu iliyofika. Sasa hapa ndipo kukunja kulipotakiwa kulipa gharama zake. Nikaikunja vizuri, nikaitia kwenye mfuko wake mweusi, nikaipakata kama mtoto na kusogea mlangoni mwa basi kwa utulivu wa mtu mwenye mzigo wa mkononi.

"Baba, hiyo nini?" kondakta akauliza.

Nikasema ni begi. Akaligonga begi kwa kucha, likalia chuma. Akataka kuona. Nikafungua zipu. Akatazama gurudumu, akatazama lingine lililolala juu yake, akasema hawezi kukadiria nauli ya kitu asichokielewa, hebu niikunjue. Nikaikunjua palepale, katikati ya wauza maji na wauza chaja, na sitaficha kwamba nilifanya kwa madaha, maana watu walikuwa wamesimama kutazama. Ikasimama kwa magurudumu yake mawili, ikang'aa.

"Aah," akasema kondakta. "Baiskeli." Akataja nauli ya baiskeli.

Nikaikunja tena nikamwonyesha kwamba imekuwa begi. Akakubali kuwa ni begi. Lakini yeye, alisema, alikwishaiona. Abiria mmoja akaingilia akasema ikikunjwa ilipiwe nusu. Mwingine akauliza mbona basi yeye mwenyewe akikaa amejikunja halipi nusu. Hoja hiyo ilipata makofi na ikanigharimu kesi. Nililipa nauli kamili, na baiskeli ikapelekwa kwenye buti la nyuma, chini ya mifuko ya unga wa mahindi.

Kwa majuma kadhaa Kafutuma iliijua kama baiskeli ya umeme isiyo na umeme. Hilo halikumshangaza mtu. Mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya Kariba, Zambia nzima ilijifunza kuwa na friji ya umeme isiyo na umeme, pasi ya umeme isiyo na umeme, na saluni ambazo kinyozi anakaa mlangoni akisubiri. Watu walinipa pole ya kawaida wakaendelea na safari zao.

Betri ilipovuka Tunduma na kufika kwetu kupitia Kasama, Luwingu na mikono mingi ya watu wa dini tofauti, ziwa lilikuwa limekwisha funguliwa. Nikaichomeka, taa ya kijani ikawaka, nikatoka. Kwenye lami, nisiwe mnafiki, ni raha tupu. Unakanyaga kidogo, mota inaitikia, unampita fundi wa Pweto huku umekaa wima. Kisha ukaja mchanga. Njia ya kwangu inashuka kuelekea ziwani na mchanga wake ni wa kuzamisha kifundo cha mguu. Gurudumu la inchi 28 hupanda juu yake na kusonga. La inchi 20 huchimba. Na la inchi 20 lenye mota huchimba kwa bidii. Ulaya sheria inataka mota iache kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Sheria hiyo wakiileta Kafutuma itakuta raia watiifu. Watoto walikuja kusukuma, wakanifikisha hadi mlangoni, na mmoja aliniuliza kwa heshima kama umeme ndio huu.

Mchanga ningeuvumilia. Tatizo lilikuwa habari kwamba ina mota. Huku, chenye mota ni cha usafirishaji. Hakuna aliyewahi kununua mota kwa ajili ya kujisafirisha peke yake, huo ni uchoyo. Asubuhi nikitoka, jirani tayari yuko njiani na beseni la chisense: "Karani, wewe unaenda sokoni na mashine, mimi nitembee na hili kichwani?" Utajibu nini? Kwamba mtengenezaji ameruhusu kuku? Niliweka beseni kwenye kile kibebeo cha nyuma, ambacho kwa upana wake kilikusudiwa gazeti na labda koti. Kufika Kashikishi bawaba ilikuwa inalia, nami nilinukia bidhaa. Bashikulu alipoisikia ile sauti hakusema neno. Aliinua vidole viwili akaviachanisha hewani.

Boti ya kwenda Kisiwa cha Kilwa nayo ilikuwa na lake. Kwenye karatasi ya baiskeli imeandikwa kinga ya maji ni IPX4, yaani inavumilia maji ya kurushwa kutoka upande wowote. Chini ya boti zetu maji hayarushwi. Yamekaa, yana wenyeji wao, na kazi ya kuyachota kwa kopo hupewa aliyelipa nauli pungufu. Nilisafiri nimeishika baiskeli mapajani ikiwa imekunjwa, na kufika nilikuwa nimekwisha jibu swali la fundi: ya kubebwa.

Lakini betri, ah, betri ilipata heshima yake. Ina tundu la kuchajia simu, jambo ambalo sikulitia hata kwenye daftari langu la vigezo. Umeme ukikatika, na ukirudi usiku wa manane huku chaja ikitaka karibu saa nne kujaza, mimi huamka kuichomeka. Na jioni inayofuata nyumba yangu inakuwa na foleni. Amekuja mwenye saluni. Amekuja nahodha wa ile boti. Amekuja fundi wa Pweto na simu mbili, ya Zambia na ya Congo, akaipima betri kwa mkono, kilo mbili na ushei, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama watoto ameweka utaratibu: wagonjwa kwanza, wanaosubiri simu ya posa wafuate, wacheza kamari mwisho.

Juzi giza limeingia, mtoto wa jirani wa lile beseni amepiga hodi. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akiurudia ujumbe kwa kichwa asije akauharibu. "Mama anasalimia. Anaomba ile betri mpaka kesho. Baiskeli amesema ubaki nayo."