Sifa za Kiti cha Katikati

Kiti cha dirishani kina washairi wake. Kila anayekikalia akipita juu ya Kilimanjaro hupiga picha ya bawa na theluji, akaituma kwenye kundi la familia kabla magurudumu hayajatulia. Kiti cha njiani nacho kina wapambe wake, wale waungwana wenye haraka wanaosimama ndege ikiwa bado inatembea, shingo zimepinda chini ya makabati, wakiusubiri mlango ambao hauna haraka nao. Cha katikati hakina msemaji. Kimebeba watu wazima wenye shahada mbili mbili, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyekiandikia hata barua ya shukrani. Leo nimejitokeza mimi, na atakayedhani ninakivika kilemba cha ukoka anivumilie mpaka mwisho.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi ukoo wake usipotajwa. Kiti hiki hakikuokotwa. Boeing 707 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1958, mwili wake ulitosha watu sita kwa mstari, watatu kushoto na watatu kulia. Upana huohuo ukarithiwa na 737, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967 na ambayo wajukuu zake wanatupeleka mikutanoni mpaka leo. Huku kwetu kiliingia kwa heshima zote: Super VC10 za East African Airways, zilizoanza kuwasili mwaka 1966, nazo zilipanga watatu watatu. Mwaka 1977 shirika lile likafa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Wanasheria wakagombea mali kwa miaka. Kiti cha katikati kikapita katikati ya ugomvi wote huo bila kupoteza sentimita moja.

Kina hata ulinzi wa sheria. Kanuni za usalama wa ndege kubwa za abiria zinakataza kupanga viti zaidi ya vitatu kila upande wa njia moja, ili siku ya dharura pasiwe na mtu wa kuruka magoti ya ukoo mzima. Bila kanuni hiyo kiti chetu kingeshapata wadogo zake wawili watatu, na sifa hizi ningelazimika kuzigawa. Hata hivyo jamaa zake wamepata pa kuzaliana. Boeing 777 ilipoanza kazi mwaka 1995, mashirika mengi yalipanga viti tisa kwa mstari. Siku hizi mengi yanapanga kumi ndani ya mwili uleule. Ndege haikunenepa, tuliotakiwa kukonda ni sisi.

Sasa tuutazame ukarimu wake. Kuchagua dirisha kunalipiwa. Kuchagua njia kunalipiwa. Cha katikati unapewa bure, tena bila kuomba. Mashine inakiona kimebaki, inakuona umebaki, inawaunganisha. Na uaminifu wake je? Safari ya kikazi huku kwetu huanza kwa dokezo. Dokezo linapanda kwa mkuu wa idara, linarudi kwa kukosa kiambatisho, linapanda tena, linalala mezani kwa mhasibu tangu Ijumaa mchana. Kisha zinatakiwa nukuu za bei kutoka kwa mawakala watatu, mmoja wao hapokei simu. Tiketi inatoka jioni ya kuamkia safari, wakati ndege nzima imeshachaguliwa isipokuwa 23E. Wenye roho nyepesi huilaumu ofisi. Mimi nakitazama kile kiti: wenzake wote wameondoka na watu wengine, chenyewe kimekungoja.

Hapo ndipo ilipo sifa yake kuu, nayo ni ukweli. Ukutani mapokezi, kwenye fremu ya kioo, kampuni imeandika kwamba wafanyakazi ndio hazina yake kuu. Mtu anaweza kupita chini ya maneno hayo miaka kumi asijue hazina hiyo ina thamani gani. Akae 23E siku moja, atapewa jibu kwa vipimo: sentimita 43 hivi, kutoka mkono wa kiti hadi mkono wa kiti, na mikono yenyewe ina wenyewe. Tathmini ya utendaji kazi huandikwa kwa lugha ya kubembeleza. Kiti cha katikati hakibembelezi.

Mtazame mkaaji wake wakati wa chakula, Nairobi kwenda Johannesburg. Njiani yuko mhandisi mwenye mabega ya kazi. Dirishani yuko mama wa makamo anayetoka kwenye warsha, viatu kavua, begi lenye nembo ya wafadhili liko miguuni. Trei inafika. Viwiko vya mtu wetu vimebanwa mbavuni, vilivyo huru ni vidole tu, na kwa vidole hivyo anatakiwa kufungua uma uliofungwa kwenye nailoni, kisha siagi iliyoganda, kisha kikombe cha maji chenye kifuniko cha karatasi ambacho hakiachii mpaka kikirushie maji tai. Hajaonja tonge, sauti inatoka dirishani.

“Mwanangu, hebu nipokelee chai hiyo.”

“Shika mama, ni ya moto.”

“Ahsante baba. Na sukari.”

Sukari inapita, maziwa yanapita, trei tupu zinarudi kwa njia ileile. Kwa dakika hizo yeye ni mhudumu msaidizi asiye na sare wala posho ya sare. Kisha taa zinapunguzwa, mama anasinzia, na kichwa chake kinatua taratibu kwenye bega la mtu wetu. Afanye nini? Huyu ni mama mtu mzima, aliyemwamkia shikamoo alipokuwa anaketi. Hamwamshi. Anatulia hivyohivyo mpaka Johannesburg, ripoti ya robo mwaka imefunguliwa kwenye kompyuta ambayo skrini yake haiwezi kusimama wima, kwa sababu wa mbele naye amelaza kiti. Vyuo vya uongozi hutoza ada nono kufundisha subira, usikivu na kazi ya pamoja. Hapa masomo yote matatu yanakuja na soda.

Somo la nne ni kujizuia. Wa katikati hanywi ovyo, kwani kila glasi ya maji ina gharama ya kumsimamisha mhandisi aliyelala. Anajifunza kupanga haja zake kwa ratiba, jambo ambalo watu wengi hawalifikii mpaka wawe wastaafu.

Watawala nao wamewahi kukitegemea, labda bila kujua. Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alizuia safari za nje za watumishi wa umma zisizo na kibali maalumu, na baadaye kidogo daraja la mbele likabanwa likabaki la viongozi wachache wa juu. Waliozoea kunywa juisi ndege haijaondoka walijikuta wakivuka lile pazia kuelekea nyuma, wakisoma namba juu ya viti kwa sauti ya chini. Mikutano mingi ya hadhara imejaribu kumkutanisha kiongozi na mwananchi ikashindwa. Kiti cha katikati kilimkutanisha na wananchi wawili kwa mpigo, na wote wawili walikuwa na la kusema kuhusu barabara ya kwao.

Dunia iliijua thamani ya kiti hiki mwaka 2020. Korona ilipoingia, watu wengi wakataka kiachwe wazi. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kikapinga jambo hilo lisifanywe sharti. Hesabu yao ilikuwa kwamba ndege ya namna hiyo isingejaa zaidi ya asilimia 62, ilhali kwa wastani shirika linahitaji kujaza asilimia 77 ili tu lisipate hasara. Delta ya Marekani ilijitutumua kukiacha wazi mpaka mwisho wa Aprili 2021, kisha nayo ikarudi. Maana yake iko wazi. Wa dirishani na wa njiani wanalipia mafuta na marubani. Faida imekaa katikati, magoti yamebana, inasubiri kupitisha sukari.

Kama hujaamini, nenda Ulaya. Kwenye safari fupi za bara lile, mashirika makubwa yanauza daraja la biashara kwa bei inayotoa jasho. Unaingia, unatafuta kiti kipana cha ngozi, unakuta ni vilevile vya wenzako wa nyuma. Tofauti ni moja: cha katikati hakina mtu. Wamekiwekea kimeza. Basi waheshimiwa wale, pamoja na vitambaa vyao vya moto, wamenunua kutokuwepo kwa mtu kama wewe. Nani mwingine katika kampuni yako anaweza kusema kwamba akikosekana tu mahali, bei ya mahali hapo inapanda?

Wapo wanaotaka kukiharibia tabia. A220, ambayo Tanzania ilianza kuipokea Desemba 2018, ina viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na cha katikati wamekipanua kidogo kuliko wenzake, kama watu wanaotoa pole. Zile za pangaboi ziendazo Songea na Iringa ndizo zimekinyima haki kabisa: wawili huku, wawili kule, kila mtu ana dirisha au njia. Watu wanashuka humo wakiwa na afya, hawakujifunza kitu.

Anayekielewa kuliko wote ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou. Yeye hana mhasibu wa kumbana, anajibana mwenyewe. Anaulizwa kama angependa kulipia dirisha, anacheka. Pesa ya kutazama mawingu ni mtaji. Anakaa katikati, anajifunika shuka la ndege mpaka kichwani, na kabla hajalala ameshajua wa kushoto anauza vitenge na wa kulia ana nafasi kwenye kontena. Sisi wa masurufu tunashuka na vipande vya pasi za kupandia ndege kwa ajili ya marejesho. Yeye anashuka na mbia.

Kwa hiyo nina ombi kwa kampuni, wizara na mashirika yote yenye kutuma watu. Fadhila hizi zimeachiwa maofisa wa kawaida kwa muda mrefu mno, na wakubwa wanapunjwa. Safari ijayo ya bodi, wajumbe wapangwe B na E. Mkuu wa manunuzi akae kati ya wazabuni wawili aliowanyima zabuni. Mkaguzi wa hesabu akae kati ya watu wawili ambao marejesho yao ameyakataa. Mkurugenzi wa rasilimali watu apewe ule mstari wa mwisho, kiti kisicholala, kinachopakana na choo, ili ajionee hazina kuu ya kampuni inavyotunzwa. Mimi nimeshakula neema hii vya kutosha, na kuendelea kuilimbikiza peke yangu ni choyo. Niandikieni 7C.