Friji ni ya Haji, Joto ni Langu

Watu wa Nairobi wakitaka kulalamikia stima wana raha zao. Wana mita ukutani, wana tokeni zenye tarakimu 20, na wana ujumbe wa simu unaoeleza kila senti imepotelea wapi: gharama ya mafuta, kupanda na kushuka kwa dola, tozo ya mamlaka hii na ile, asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, kisha VAT ya asilimia 16. Mtu anaweza kukaa kitako sebuleni akatukana mstari baada ya mstari mpaka moyo utulie. Sisi wa soko la Dagahaley, katika kambi za wakimbizi za Dadaab, hatuna mstari wa kutukana. Tuna mwenye mashine.

Mashine yake ni jenereta ya dizeli, iko ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya safu ya wauza nguo. Ukiisikia unajua saa. Kutoka hapo nyaya zinatambaa juu ya mapaa, zinaning'inia kwenye miti, zinapita katikati ya kamba za kuanikia nguo, hadi zinaingia kwako kupitia tundu lililokuwa la msumari. Mita hakuna. Stima inauzwa kwa kifaa: balbu ina bei yake, televisheni ina bei yake, meza ya kuchajia simu ina bei yake, na friji ina bei ya kumfanya mtu aache soda arudi kwenye chai. Mwisho wa mwezi anakuja mwenyewe kuchukua pesa. Katikati ya mwezi anamtuma kijana mmoja mwembamba ambaye hupita jioni, mikono nyuma, akichungulia vibandani na kuhesabu taa kwa macho. Jirani yangu kinyozi alinunua feni ndogo msimu wa joto. Ile feni haijamaliza hata kuzoea ukuta, tayari ilikuwa na bei.

Basi mimi ni mtu wa Mwingi, nimekuja huku kutafuta riziki kwa kuuza kitu ambacho Mungu hakukiweka Dagahaley, yaani baridi. Maji baridi, soda baridi, maziwa ya ngamia baridi, na Ramadhani ikifika, barafu. Kibanda nimekodi kwa Haji. Kodi ni ya kibanda pamoja na friji iliyokuwemo ndani. Mkataba tulifunga kwa mdomo, kwa shaah yenye iliki, mbele ya shahidi mmoja ambaye siku hizi ukimuuliza anasema yeye alikuja kunywa chai tu.

Hiyo friji. Zamani ilikuwa nyeupe. Mpira wa mlango umekakamaa, umepasuka pembeni, na upande wa juu umeachana kabisa na bati. Nimeizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Mteja akija naifungua kama mbuzi, akiondoka naifunga tena. Ukiweka kiganja kwenye ufa unasikia ubaridi ukipumua unatoka, unakwenda zake kuelekea mpakani Liboi bila kibali cha mtu. Na joto la nje nalo linaingia na unyevu wake, unyevu unaganda ndani, ile theluji inakuwa blanketi juu ya mabomba ya baridi, kompresa inasukuma na kusukuma, soda ya chini haipoi. Fundi aliniambia friji nzima hufanya kazi, ikapumzika, ikafanya tena. Ya Haji ikiwashwa haipumziki mpaka mashine izimwe.

Mwenye mashine aliligundua hilo kwa masikio.

“Walalo, ndugu yangu,” akaniambia, amesimama mlangoni kama daktari wa zamu, “friji yako hailali.”

“Bosi, nalipa bei ya friji.”

“Unalipa bei ya friji nzima. Hii ni mgonjwa. Mgonjwa anakula zaidi.”

Nikaambiwa kuanzia mwezi huo kuna nyongeza. Nikamwuliza nyongeza ya nini, akasema ya ugonjwa. Nikamwambia ugonjwa ni wa mwenye friji. Akasema yeye waya wake haujaingia kwa mwenye friji, umeingia kwangu.

Nikaenda kwa Haji. Haji ni mzee wa heshima, ndevu zake nyekundu za hina, amekuwa hapa tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, na kwa miaka yote hiyo amejifunza jambo moja kuhusu serikali: ukiisubiri vya kutosha, haitakulazimisha kutengeneza kitu. Waliokodi kibanda kabla yangu wamenisimulia. Mei 2016 serikali ilipotangaza kwamba Dadaab yote inafungwa, mpira wa friji ulikuwa umeanza kupasuka. Haji akasema, nani ananunua mpira wa friji kwenye kambi inayofungwa? Februari 2017 Mahakama Kuu ikatupilia mbali amri ile. Wapangaji wakarudi kwake mbio na redio mkononi. Haji akasema serikali lazima itakata rufaa, tungojeeni. Mwaka 2021 ikaja amri nyingine, kambi zifungwe ifikapo Juni 2022. Haji alifurahi, wanasema, hata akanunulia watu chai. Juni ikaja ikapita, kambi iko, friji iko, ufa umeongezeka. Sasa tangu Machi 2025 kuna Mpango wa Shirika, kwamba kambi ziwe makazi ya kudumu, wakimbizi na wenyeji waishi pamoja. Nikafikiri hapa nimempata. Kama tunadumu, mpira ununuliwe!

“Kijana wangu,” akaniambia, “mji ukija, stima ya serikali itakuja. Ikija stima ya serikali nitaweka friji mpya. Sasa ninunue mpira wa friji nitakayoitupa?”

Nilirudi kibandani nikiwa nimekunywa chai ya bure na kukosa kila kitu kingine.

Hiyo stima ya serikali, tuseme ukweli, inatuuma kidogo. Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kituo cha nguvu za jua nje ya mji wa Garissa, paneli zaidi ya 200,000, megawati 50 na ushei. Jua ni hili hili letu, linalonichomea soda. Linavunwa Garissa, linaingizwa kwenye gridi ya taifa, na sisi tulio katika kaunti hiyo hiyo tunachoma dizeli chini yake tukiwa tumejifunika vichwa. Sina kinyongo na mtu wa Kisumu anayekaanga samaki kwa jua la Garissa. Nasema tu akikaanga atukumbuke.

Na dizeli yenyewe ina sarakasi zake. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya za mafuta. Septemba 2023 dizeli ilipofika shilingi 200.99 Nairobi, mwenye mashine alizunguka soko zima akiwa na simu mkononi, anaonyesha tangazo lenyewe, anakuza maandishi kwa vidole viwili ili hata wazee waone. Sisi tukaongeza pesa, maana lori likitoka huko hadi huku bei haishuki njiani. Mwaka uliofuata bei ikashuka. Tukamwomba atuonyeshe tangazo. Simu yake, ya mtu anayeuza stima, ilikuwa imeisha chaji.

Nilidhani walioko Garissa mjini wamepona. Binti wa mjomba wangu anakaa huko, nyumba ya ploti, ana mita yake mwenyewe. Akawa ananunua tokeni, zinayeyuka. Ana taa, ana pasi anayoitumia Ijumaa, ana simu, basi. Akamwita mwenye ploti, mwenye ploti akamwambia mita ni mbovu, apige simu kwa kampuni. Siku moja kwa hasira akazima swichi yake kubwa akalala. Asubuhi ploti nzima inalia hakuna maji. Pampu inayojaza tangi la wapangaji wote ilikuwa imeungwa kwenye mita yake! Mwenye ploti alipoulizwa akasema ni kosa la fundi, na fundi amehamia Isiolo. Yaani mita unayo, risiti unayo, na bado unawanywesha majirani kumi kwa tokeni zako. Afadhali yangu, mimi mwizi wangu naona waya wake.

Mtu mmoja aliyesomea sheria, aliyepita kununua maji, akanipa moyo. Kuna sheria, akasema, Sura ya 301, ya tangu 1965, ya wapangaji wa maduka na mikahawa, na inawalinda hasa wale wasio na mkataba wa maandishi. Nikajisikia mtu mkubwa. Kuna nyingine ya nyumba za kuishi, lakini hiyo inahusu kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na sijui siku hizi bei hiyo unapata nyumba gani, labda ya kuku. Nikamtajia Haji Sura ya 301. Akanisikiliza kwa adabu yote, akapapasa ndevu, akaniuliza kama hiyo sheria inajua Dagahaley iko wapi. Ukitazama umbali wa kwenda Garissa, kilomita 100 hivi za mchanga, na mvua ikinyesha kama ya 2024 hata ngamia anaahirisha safari, utaona swali lake halikuwa la kijinga.

Nikarudi kwa mwenye mashine na silaha nyingine. Kule nyuma yetu kuna fundi wa kuchomea milango ya vyuma. Akigusisha tu chuma, soko zima linafifia, balbu zinakuwa nyekundu, na friji inaanza kunguruma kwa sauti nzito. Nikamwambia bosi, stima yako ni nyembamba. Stima ikipungua nguvu, mota ya friji inavuta zaidi, inapata moto, inaharibika. Friji haikuleta ugonjwa kwako. Wewe ndiye unayeiambukiza!

Haji alipolisikia hili, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akawa upande wangu. Alikuja mwenyewe hadi kibandani, na bakora, akidai fidia ya kompresa. Mwenye mashine akasema kompresa inaungua kwa sababu ya mpira. Haji akasema mpira umekauka kwa sababu ya joto la kompresa. Mimi nikakaa kwenye kreti yangu nikafaidi, maana wakigombana wao kwa wao hakuna anayekumbuka kunidai.

Hapo ndipo ikaamuliwa twende maslaha, yaani suluhu ya wazee. Najua serikali haipendi maslaha yaingie kwenye kesi za jinai, hasa za kudhulumiwa wanawake, na hapo niko na serikali mia kwa mia. Lakini mpira wa friji ni saizi yake. Wakaja wazee, wakatandika mkeka mbele ya kibanda, wakaomba maji. Baridi, bila shaka. Wasikilizaji wakaongezeka, nao wana kiu. Yale maji niliandika kwenye daftari, chini ya neno “kesi”.

Fundi wa friji akaitwa kama shahidi. Akasema apewe noti. Nikatoa ya 50. Akaiweka kwenye ukingo wa mlango, nusu ndani nusu nje, akafunga, akawaambia wazee: nikivuta ikigoma, mpira ni mzima, ikitoka bila ubishi, mpira umekufa. Akazunguka pande zote nne. Hakuna upande uliogoma. Upande wa juu noti haikungoja hata kuvutwa, ilianguka yenyewe miguuni pa Haji. Haji akaitazama, akaiokota, akaiweka mfukoni, akasema inahesabiwa kwenye kodi. Wazee wakaliruhusu hilo.

Uamuzi ulisomwa kabla ya maghribi, mashine ilipokuwa inawashwa. Haji anunue mpira. Mimi nimlipe fundi. Mwenye mashine afute nyongeza ya ugonjwa siku mgonjwa atakapopona, na yule mchoma vyuma asifanye kazi saa za futari. Kila mtu akaridhika nusu, jambo ambalo kwa wazee ndilo dalili ya haki.

Mpira ukaja kutoka Garissa kwa lori la vitunguu, ukinuka vitunguu, na ni wa friji nyingine. Fundi akakata, akavuta, akagundisha pembe kwa gundi ya viatu. Tukapima tena, kwa noti ya fundi mwenyewe safari hii. Juu imegoma. Kulia imegoma. Kushoto imegoma. Chini, kwenye pembe ya bawaba, ikatoka.

Haji akapiga hesabu papo hapo: pande tatu kati ya nne ni robo tatu, kwa hiyo amelipa deni lake, kilichobaki ni uchakavu wa kawaida wa mpangaji. Mwenye mashine naye akapiga yake, ikatoka vile vile: mgonjwa amepona robo tatu, basi nyongeza inabaki robo. Sijawahi kuona watu wawili waliochukiana wakikubaliana hesabu haraka hivyo.

Robo nitailipa, maana Ramadhani inakaribia na barafu haisubiri rufaa. Ila nimewatumia wazee swali, na mkeka nimeshaufuta vumbi: ule upande unaovuja mpira wake hauna tatizo, mlango ndio umelegea kwenye bawaba. Je, bawaba ni za nani?