Sanduku la Kumeza Mayuniti

Mwaka 1979 Mmarekani Gordon Matthews aliomba hataza ya mashine ya kuhifadhi sauti za wapiga simu maofisini, yaani sanduku la sauti. Hongera zake. Ofisi yenye katibu na simu kuukuu ya mezani, na ichague: kichombo cha kuchomekwa, au huduma ya kulipia kila mwezi.

Sasa, wauzaji wake, mtuuzie na sisi wa Bibokoboko, huku milimani juu ya mji wa Baraka. Muuza maharagwe wetu anaishi kwa bipu: mlio mmoja, mzigo umefika; miwili, tuma pesa. Bei yake bure, maana simu isiyopokelewa haihesabiwi. Mwekeeni hilo sanduku, litapokea! Mayuniti yaanze kukimbia huku bibi wa sandukuni, sauti iliyorekodiwa, akikaribisha kwa Kifaransa kirefu, na mzee aliyepiga amjibu kwa heshima zote: "Haloo? Hujambo, mama? Watoto wazima?" Ujumbe wa maharagwe hautafika, salamu zitahifadhiwa salama.

Na rezo ikikatika (haikosi), sanduku litasikilizwa wapi? Juu ya kilima kingine, labda.

Enyi wauzaji, mkifika Baraka, tubipeni. Tusipopokea, mjue tumewaelewa.